MCHANGA WA MWALONI: KUVU ZISIZOONEKANA NA AFYA YA NGOZI YAKO



Mwanzoni mwa mwaka 2018 watu wengi walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakitoka Ituri, sehemu za Tchomia na kwingineko. Walishukia Sebagoro na mialo mingine ya upande wa Uganda kabla ya kupelekwa Kyangwali. Mwezi wa Februari mwaka huo huo kipindupindu kilizuka na kuua watu. Tangu wakati ule tumefundishwa mengi juu ya maji: kuyachemsha, kuyatia dawa, kuyafunika, na kunawa mikono kwa sabuni. Somo hilo limeingia. Hata mtoto mdogo leo anajua kwamba maji yanayong'aa yanaweza kubeba ugonjwa.

Juu ya mchanga hatujafundishwa. Mchanga wa ziwani unaonekana safi kwa sababu umeoshwa na mawimbi na kukaushwa na jua. Kwa hiyo tunautembelea bila viatu, tunawalaza watoto juu yake, tunaanika dagaa juu yake, na wengine hujificha nyuma ya mitumbwi na kujisaidia juu yake. Baadaye mtu anaona vidole vya miguu vinachubuka, mtoto anatoka duara jeupe kichwani, sikio linawasha usiku kucha. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema ni laana, yule anasema ni ugonjwa ulioletwa na waliofika juzi, na mwingine anakimbilia dukani kununua krimu yoyote anayoonyeshwa.

Katika karatasi hii tunataka kukueleza ni viumbe gani wanaoishi katika mchanga, ni magonjwa gani wanayoweza kuleta, na ni nini unachoweza kufanya kwa uwezo ulio nao. Tafadhali isome pamoja na jamaa zako, na umsomee jirani asiyejua kusoma.

KUVU NI NINI?

Kuvu ni viumbe ambavyo si wanyama wala si mimea. Wengine huziita fangasi. Uyoga unaochuma baada ya mvua ni kuvu kubwa ambayo macho yanaiona. Ukungu wa kijani juu ya mkate wa juzi, au juu ya muhogo usiokauka vizuri, ni kuvu pia. Hamira inayoumua mandazi na chachu inayofanya pombe ya ndizi itoe povu ni jamaa ya kuvu, ila zenyewe ni chembe moja moja ndogo sana.

Kazi kubwa ya kuvu duniani ni kuozesha. Hula majani makavu, miti iliyokufa, manyoya, magamba ya samaki na mavi ya wanyama, na kuvirudisha kuwa udongo. Bila kuvu, takataka za shamba lako zingejaa hadi mlangoni. Kwa hiyo usidhani kwamba kila kuvu ni adui. Nyingi sana hazimdhuru mtu hata kidogo.

Lakini kuna kundi dogo ambalo limezoea kula kile kitu kigumu kinachojenga ngozi ya juu, nywele na kucha. Hilo ndilo linaloleta choa, mashilingi na ugonjwa wa katikati ya vidole. Kuna kundi jingine la chachu, linaloitwa kandida, ambalo hukaa katika matumbo na katika sehemu zenye unyevu za mwili wa binadamu bila kusumbua, hadi siku mwili unapodhoofika. Na kuna ukungu wa kawaida wa udongoni ambao hauna haja na mtu, ila ukiingizwa ndani ya jeraha, jicho au sikio, unaweza kuota humo.

ZINAFIKAJE KATIKA MCHANGA?

Kuvu huenea kwa mbegu ndogo zisizoonekana. Mbegu hizo hupeperushwa na upepo, hustahimili ukavu, na hungoja mpaka zipate unyevu na chakula. Katika mwalo wowote zinafika kwa njia hizi:

1. Kwa miguu ya watu. Mtu mwenye kuvu miguuni huangusha vipande vidogo vya ngozi kila anapokanyaga. Ndani ya kila kipande mna kuvu hai.
2. Kwa wanyama. Mbwa, paka, mbuzi na ng'ombe huugua choa kama sisi, na hupenda kulala mchangani.
3. Kwa haja kubwa. Chachu zinazokaa tumboni hutoka na choo.
4. Kwa taka. Matumbo na magamba ya samaki, maganda ya matunda, na nywele zinazotupwa na vinyozi ni chakula cha kuvu.
5. Kwa maji ya mvua yanayoteremka kutoka milimani yakiwa yamebeba uchafu wa vijiji.

Angalia sasa jinsi mchanga wenyewe ulivyo. Saa sita mchana mchanga wa juu huwa mkavu na wa moto mpaka unaruka-ruka ukiukanyaga. Jua la namna hiyo hupunguza kuvu na vijidudu vingi. Lakini ingiza mkono chini kidogo, au chini ya mtumbwi uliopinduliwa, au nyuma ya vibanda vya samaki. Utakuta ubaridi na unyevu. Kati ya punje na punje mna nafasi zenye hewa, maji kidogo na mabaki ya vitu. Hapo ndipo kuvu zinapokaa.

Tena zinakaa muda mrefu. Majaribio ya maabara yaliyofanywa Hawaii na kuchapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba kuvu zinazougusa mwili wa binadamu, zikiwekwa katika mchanga wa ufukweni, ziliweza kuishi angalau mwezi mzima. Kwa hiyo aliyeziacha pale anaweza kuwa amekwisha kuondoka zamani, nawe ukazikuta.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Kwa miaka mingi serikali zilikuwa zikipima maji ya kuogelea tu, wala hazikupima mchanga. Baadaye wataalamu wa kuvu kutoka nchi 13 waliungana, wakachunguza mchanga wa sehemu 91 za kuogelea. Nyingi zilikuwa Ulaya, zikiwamo fukwe za bahari na za maziwa, na mji wa Sydney wa Australia nao ulihesabiwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021.

Walichukua gramu 1 ya mchanga, yaani kiasi cha kushika ncha ya kijiko cha chai, na kuhesabu makundi ya kuvu yanayoota kutoka humo. Ukizipanga sehemu zote kuanzia ile yenye kuvu chache hadi ile yenye kuvu nyingi, ile ya katikati ilikuwa na makundi 89. Kulikuwa na mchanga usioota chochote, na kulikuwa na mwingine ulioota makundi 6,400.

Jambo la kutugusa sisi ni hili. Walipotenganisha bahari na maji baridi, mchanga wa bahari ulikuwa na kiwango cha katikati cha makundi karibu 77, na mchanga wa maji baridi karibu 202. Ziwa letu ni la maji baridi. Na wale walipima mahali ambapo watu huenda kupumzika siku chache, penye vyoo na watu wanaozoa taka. Mwalo wetu ni soko, ni bandari, ni mahali pa kufulia na pa kuanikia samaki, siku zote za mwaka.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mpya wa usafi wa maji ya kuogelea, na safari hii liliingiza mchanga: likashauri kwamba nao uangaliwe na usafi wake upimwe.

Katika mwaka huo huo watafiti wa India walitangaza kwamba wameikuta chachu iitwayo Candida auris katika mchanga na udongo wa pwani ya visiwa vya Andaman. Chachu hii ilielezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, ikiwa imetolewa katika sikio la mgonjwa. Baadaye ilienea katika hospitali za nchi nyingi, na dawa nyingi haziiwezi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya kuvu 19 za hatari mwaka 2022, hii iliwekwa katika daraja la juu kabisa. Hatukuambii haya ili uuogope mwalo. Tunakuambia ili ujue kwamba mchanga unaweza kuhifadhi kuvu ambayo watu walidhani inakaa hospitalini tu.

MAMBO MATATU YAKIKUTANA

Kukanyaga mchanga wenye kuvu hakutoshi kukuletea ugonjwa. Ingekuwa hivyo, wavuvi wote wangekuwa wagonjwa. Ugonjwa huja mambo matatu yakikutana:

- Uchafu: mchanga uliochanganyika na choo, taka za samaki au vinyesi vya wanyama.
- Unyevu: miguu isiyokauka, nguo mbichi, mtoto anayekaa na nguo iliyolowa.
- Mlango: ngozi iliyochanika, iliyochomwa na mwiba, iliyolainika kwa maji, au mwili uliodhoofika.

Ukiondoa moja kati ya hayo matatu, kuvu inakosa nafasi. Kwa hiyo huhitaji kuusafisha mwalo mzima ndipo upate kinga. Anza na lile lililo karibu na mkono wako.

MAGONJWA YENYEWE

Ugonjwa wa katikati ya vidole. Ngozi kati ya vidole vya miguu inakuwa nyeupe, inalainika, inachubuka na kuwasha. Hasa ni kidole kidogo na jirani yake. Huwapata wavuvi, wabebaji wa mizigo na wanaovaa viatu vilivyolowa. Wengi huudharau, lakini ufa ule ni mlango wa vijidudu vingine, na mguu mzima unaweza kuvimba na kuleta homa.

Choa. Ni duara linalowasha, lenye ukingo uliopanda na katikati kama pamepona. Hutokea shingoni, mikononi, kiunoni na mapajani. Unaweza kulipata kwa mtu, kwa mnyama au kwa udongo.

Mashilingi ya kichwani. Wengine husema punye. Nywele hukatika, panabaki duara lenye magamba kama sarafu. Huwapata watoto zaidi. Fahamu kwamba mara nyingi mashilingi hutoka kichwa hadi kichwa: kwa wembe mmoja, kitana kimoja, kofia moja, mto mmoja. Mchanga penye nywele zilizonyolewa unaweza kusaidia kueneza, lakini wembe wa kuazimana ndio wa kuuangalia kwanza.

Chachu. Kwa mtoto mchanga utaona utando mweupe mdomoni usiotoka ukipanguswa, au wekundu mkali penye nepi. Kwa mwanamke ni mwasho na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda. Kwa kawaida chachu hii inatoka katika mwili wake mwenyewe, hasa baada ya kumeza antibiotiki, wakati wa mimba, au akiwa na kisukari. Nguo ya ndani iliyolowa na kujaa mchanga huongeza unyevu na michubuko, na hivyo kuisaidia chachu. Haina maana kwamba mama huyo ametembea ovyo. Mume asimshutumu mkewe kwa jambo hili.

Sikio. Anayepiga mbizi na kuogelea mara kwa mara huingiwa na maji na mchanga sikioni. Ukungu ukiota humo sikio huwasha sana, huziba, na hutoa uchafu wenye vidoa vyeusi au vyeupe. Kulichokoa kwa njiti ya kiberiti kunachubua ndani na kuuzidisha.

Jicho. Hili ni la hatari. Punje ya mchanga, mwiba wa samaki au jani likikwaruza kioo cha jicho, kuvu inaweza kuingia. Jicho huuma, huwa jekundu, hutoa machozi, na baada ya siku chache doa jeupe huonekana juu ya kioo. Ugonjwa huu unaweza kupofusha. Jicho lililokwaruzwa linalouma mpaka kesho yake ni la kupelekwa kwa mganga wa hospitali siku hiyo hiyo.

Mguu unaovimba bila kuuma. Mtu huchomwa na mwiba akiwa peku, anasahau. Baada ya miezi au miaka panatokea uvimbe mgumu usiouma, kisha matundu madogo yanayotoa majimaji yenye punje kama za mchanga, nyeusi, nyeupe au nyekundu. Wataalamu huuita misetoma. Husababishwa na kuvu za udongoni, na wakati mwingine na bakteria. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2016. Ukiwahi, unatibika kwa urahisi zaidi. Ukichelewa, unakula hadi mfupa, na wengine wamekatwa mguu. Kwa sababu hauumi, watu hungoja. Wewe usingoje.

SI KILA MWASHO NI KUVU

Mchanga na ziwa vina mengine. Ukikosea jina la ugonjwa utanunua dawa isiyokufaa. Tazama tofauti:

- Funza: kidoa cheusi ndani ya uvimbe mweupe, karibu na ukucha au kisigino. Ni mdudu.
- Safura: minyoo inayoingia kwa miguu peku kutoka mchanga wenye choo cha watu. Mguu huwasha kidogo, baadaye mtu hupungukiwa damu.
- Mchoro unaotambaa: mstari mwekundu unaosogea chini ya ngozi kila siku. Ni minyoo michanga ya mbwa au paka.
- Upele: vipele vinavyowasha usiku, kati ya vidole vya mikono na kiunoni, na nyumba nzima inajikuna.
- Kichocho: kinatoka katika maji, si katika mchanga. Ukiona damu katika mkojo au katika choo, nenda ukapimwe.

NANI AJIHADHARI ZAIDI?

Mtu mwenye afya nzuri akipata kuvu ya ngozi, mara nyingi husumbuka na kuwashwa tu. Lakini wafuatao wasikae na dalili hata wiki moja: watoto wachanga na watoto wenye utapiamlo, wagonjwa wa kisukari, watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, hasa wasiotumia dawa, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na wenye vidonda vya kuungua au vya upasuaji. Pia aliyewahi kuugua kifua kikuu asikae penye vumbi la ukungu, kama kufagia vibanda vya zamani vya samaki, kwa maana mapafu yenye kovu yanaweza kuotwa na ukungu. Akianza tena kukohoa na kukonda, arudi akapimwe, na amweleze mganga kwamba aliwahi kuugua kifua kikuu.

KINGA UNAYOWEZA KUIFANYA

1. Vaa kandambili au viatu vya plastiki mwaloni. Kama familia ina jozi chache, mwenye kidonda mguuni avae kwanza. Msiazimane viatu vilivyolowa.
2. Ukirudi nyumbani, osha miguu kwa maji na sabuni, kisha kausha kati ya vidole kwa kitambaa kikavu. Kukausha ni nusu ya dawa. Kitambaa hicho kiwe chako peke yako.
3. Funika kidonda kabla ya kushuka ziwani. Ukichomwa na mwiba, utoe wote, osha kwa sabuni, funika.
4. Mtoto akae juu ya mkeka au kipande cha shitingi, asikae uchi juu ya mchanga. Akimaliza kucheza aoshwe mikono kabla ya kula, maana mchanga huingia mdomoni.
5. Tumia choo. Kama mwalo hauna choo, lipelekeni jambo hilo kwa viongozi wa mwalo na wa kijiji. Mtoto akijisaidia mchangani, mama azoe na kutupa chooni. Kulifukia si kuliondoa, kwani chini kuna unyevu na jua halifiki.
6. Anika dagaa juu ya vichanja au nyavu zilizoinuliwa, si juu ya mchanga mtupu. Dagaa hukauka upesi kwa sababu upepo unapita chini pia, hawajai mchanga, na mnunuzi huwapenda zaidi. Dagaa walioota ukungu msile wala msiwape kuku.
7. Matumbo na magamba ya samaki yachimbiwe shimo mbali na maji na mbali na mahali watoto wanapocheza.
8. Kila mtu na wembe wake. Kinyozi asafishe mashine yake kwa spiriti kila anapomaliza kichwa kimoja, na nywele azikusanye na kuzichoma.
9. Nguo, soksi na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa. Nguo ya mwenye choa ichemshwe au ipigwe pasi ya mkaa, kwa sababu moto huua kuvu.
10. Mbwa, paka au mbuzi mwenye mabaka yasiyo na manyoya asilale na watoto.

MATIBABU: FANYA HIVI

Kwa choa cha mwilini na ugonjwa wa katikati ya vidole, dawa ya kupaka ya kuvu inatosha mara nyingi. Katika vituo vya afya kuna marhamu ya Whitfield na krimu ya clotrimazole. Osha, kausha, paka mara 2 kwa siku, na upake hadi nje kidogo ya ukingo wa duara. Endelea wiki 2 hadi 4, na usiache siku mwasho unapokoma. Mwasho hukoma kabla kuvu haijafa yote. Wengi wanaosema dawa imeshindwa waliiacha mapema.

Kwa mashilingi ya kichwani, kupaka peke yake hakutoshi, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya shina la nywele. Mtoto anahitaji vidonge, kama griseofulvin, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, kwa kipimo cha mganga kufuatana na uzito wake. Vidonge hivi huingia mwilini vizuri vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Mama mjamzito asivitumie.

Kwa utando mweupe wa mdomoni kuna dawa ya matone ya nystatin. Mtu mzima akipata utando huo bila sababu inayojulikana, ni vema apime damu, kwa kuwa inaweza kuwa ishara kwamba kinga ya mwili imeshuka.

USIFANYE HIVI

Usipake krimu za kung'arisha ngozi wala krimu yoyote yenye steroidi juu ya choa. Hapa tunakuomba usome kwa makini. Krimu hizo zinauzwa kila mahali. Ukipaka, mwasho unatulia siku ya pili na unafurahi. Kumbe steroidi imelaza askari wa mwili, na kuvu inapanuka chini kwa chini. Ukiacha, inarudi kubwa kuliko mwanzo, tena haina umbo la duara, hata mganga anapata shida kuitambua. Soma maandishi ya kasha. Ukikuta majina kama clobetasol, betamethasone au dexamethasone, usipake mpaka umuulize mhudumu wa afya.

Usipake asidi ya betri, petroli, mafuta ya breki wala dawa ya kufulia. Vitu hivi huunguza ngozi, na ngozi iliyoungua ni mlango mpana kuliko ule wa kwanza.

Usitie jichoni maji ya majani, maziwa, mkojo, wala dawa ya jirani.

Usimeze antibiotiki kwa ajili ya choa. Haziui kuvu, na zinaweza kuamsha chachu.

JUU YA AIBU NA MANENO YA WATU

Mtoto mwenye mashilingi mara nyingi hufukuzwa na wenzake darasani, na mzazi anaona afadhali abaki nyumbani. Fikiri: matibabu ni wiki 6 hadi 8. Akikaa nyumbani muda huo wote amepoteza karibu nusu ya muhula. Hakuna haja hiyo. Akishaanza dawa na kuoshwa kichwa, anaweza kuendelea na masomo, ila asibadilishane kofia, kitana wala wembe. Walimu, tunawaomba mwaeleze watoto hivyo hivyo.

Na wewe unayesikia kwamba kuvu zimeletwa na waliofika kwa mtumbwi juzi, kumbuka uliyoyasoma hapa. Kuvu ziko katika mchanga wa Ulaya na wa Andaman, mahali palipo mbali sana na kwetu. Aliyelala siku tatu juu ya mchanga wenye unyevu, bila sabuni wala nguo ya kubadili, akitoka choa, ametoka kwa sababu ya hali aliyopitia. Ukimtenga, ataficha ugonjwa wake, naye aliyeuficha ndiye anayeueneza. Ukimwazima beseni na kumwonyesha njia ya kituo cha afya, umejikinga mwenyewe pia.

NENDA KITUO CHA AFYA UKIONA HAYA

- Jicho jekundu linalouma baada ya kuingiwa na mchanga au kukwaruzwa.
- Mguu wenye uvimbe usiouma, au matundu yanayotoa punje.
- Mguu uliovimba, wenye joto, pamoja na homa.
- Duara la kichwani kwa mtoto, hasa likiwa na usaha.
- Sikio linalotoa uchafu.
- Choa kisichopona baada ya wiki 4 za dawa iliyo sahihi.
- Dalili yoyote ya kuvu kwa mtoto mchanga, mgonjwa wa kisukari au mtu anayeishi na virusi vya ukimwi.

Kama huna hakika, muulize kwanza mhudumu wa VHT wa kijiji chako. Mwonyeshe ngozi yenyewe, na umwonyeshe dawa zote ulizokwisha paka. Usimfiche hata moja, kwa maana hilo ndilo litakalomsaidia kukuelekeza vizuri.

Mwalo unatulisha na hatuwezi kuukimbia. Tuuweke safi kadiri tuwezavyo, tukaushe miguu yetu, na tuwahi matibabu. Kinga ni bora kuliko tiba.